Kinachomaliza Betri ya ESP32

MZEE: Mwanangu, hiyo bodi vipi?

BINTI: Ni ESP32 ya kupima unyevu wa udongo. Nataka ikae shambani mwezi mzima nione kama itakwama, lakini betri ya 18650 haifikishi hata wiki mbili. Na programu nimeiandika ilale usingizi mzito, iamke kila dakika 10, itume vipimo, ilale tena.

MZEE: Ikiamka hukaa muda gani?

BINTI: Sekunde 5 hivi.

MZEE: Tupige hesabu. Tuseme ikiwa macho na Wi-Fi inakula miliampea 100. Sekunde 5 katika kila 600, wastani wake haufiki miliampea 1. Betri ya miliampea-saa 2,500 ingekaa zaidi ya miezi mitatu. Basi Wi-Fi haina kosa.

BINTI: Ni nini, basi?

MZEE: Chipu inalala, bodi hailali. Chipu yenyewe ikilala hutumia takriban mikroampea 10 tu. Lakini tazama hiyo taa nyekundu, inawaka usiku kucha. Na hiki cheusi kilichoandikwa AMS1117, kinachoshusha volti 5 kuwa 3.3, hunywa kama miliampea 5 hata pasipo kazi. Ongeza chipu ya USB. Jumla ikifika miliampea 8, ukiongeza na ile ya Wi-Fi, siku ya 12 huna betri.

BINTI: Nikitumia pawabenki?

MZEE: Nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni kidogo. Utakuta bodi imezimika, ulaumu programu bure.

BINTI: Nifanyeje, mzee?

MZEE: Taa na AMS1117 vibandue. Kisha tafuta betri ya LiFePO4. Muda mwingi hukaa kwenye volti 3.2, kwa hiyo unaiunga moja kwa moja kwenye pini ya 3V3. Ikitoka kwenye chaji iache itulie kwanza, isizidi 3.6. Karibu na pini weka kapasita ya mikrofaradi 470, maana Wi-Fi ikianza kutuma huvuta zaidi ya miliampea 200 kwa mpigo. Volti ikiporomoka, bodi inajiwasha upya.

BINTI: Halafu niipeleke?

MZEE: Bado. Iwekee programu ya kulala tu, unga multimita kati ya betri na bodi, usome. Ikizidi miliampea 1 ikiwa imelala, usiipeleke shambani.