Droni Katika Delta ya Rufiji: Nani Anawajibika kwa Data?

Mto Rufiji huingia katika Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Kabla ya kufika baharini hugawanyika katika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo umeota msitu mkubwa wa mikoko, ambao ndio mpana kuliko yote ya namna yake katika Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya delta hiyo sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji. Sehemu kama Mbwera, Salale na Kiongoroni hutegemea sana mashua, na safari yenyewe hufuata maji kujaa na kupwa.

Nchi ya namna hii ni ngumu kupimwa kwa miguu. Ndiyo sababu ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo watu huziita droni au ndege nyuki, zinafaa sana kwa kazi ya kuhesabu mikoko, kufuatilia mmomonyoko wa kingo na kuchora mipaka ya mafuriko. Makala haya yanaeleza jinsi picha za droni zinavyogeuzwa kuwa ramani, makosa yanavyoingia katika kazi hiyo, na ni nani anayepaswa kujibu makosa hayo yanapomletea mtu hasara.

Upelelezi wa kwanza kutoka angani

Delta ya Rufiji ilitazamwa kutoka angani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mnamo tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika mikono ya Rufiji. Mwezi Novemba mwaka huo rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliruka kwa ndege ya majini kutoka kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia, akaitafuta. Tarehe 6 Julai 1915 Waingereza waliishambulia bila kufaulu. Katika shambulio la tarehe 11 Julai, mwangalizi aliyekuwa angani alipeleka kwa redio habari za mahali kila kombora lilipoanguka, nao wapigaji mizinga wakasahihisha shabaha yao. Siku hiyo Königsberg iliangamia.

Habari hii ina funzo la kisayansi. Aliye juu huona mengi, lakini anachokiona hakina faida mpaka kiunganishwe na mahali panapojulikana duniani, na mpaka kosa lirudishwe kwa mtendaji ili alisahihishe. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala kazi ya droni hata leo.

Picha inavyogeuka kuwa ramani

Picha ya kidijitali imeundwa kwa vijipande vidogo viitwavyo pikseli. Ukubwa wa eneo la ardhi linalowakilishwa na pikseli moja hupatikana kwa kuzidisha upana wa pikseli ndani ya kamera kwa kimo cha droni, kisha kugawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi.

Ichukuliwe kamera ambayo pikseli yake ina upana wa milimita 0.0024 na lenzi yake ina urefu wa fokasi wa milimita 8.8. Ikiruka kwa kimo cha mita 120, yaani milimita 120,000, jibu ni milimita 32.7, au sentimita 3.3 hivi. Kwa kulinganisha, pikseli moja ya setelaiti za Landsat kwa kawaida huwakilisha mita 30, na ya setelaiti za Sentinel-2 mita 10. Hivyo setelaiti huonyesha msitu, lakini droni huonyesha mti mmoja mmoja, na pia mtu aliyesimama chini yake.

Kama picha ina pikseli 5,472 kwa 3,648, itafunika eneo la mita 179 kwa mita 119. Lakini picha haziwekwi ukingo kwa ukingo kama vigae. Ili kompyuta iweze kukadiria vimo, kila sehemu ya ardhi lazima ionekane katika picha kadhaa zilizopigwa kutoka mahali tofauti, kama vile macho mawili yanavyotuwezesha kutambua umbali. Picha zikifunikana kwa asilimia 80 kuelekea mbele na asilimia 70 kwa upande, kila picha mpya huongeza mita 24 kwa mita 54 tu. Kwa hiyo kilomita moja ya mraba huhitaji karibu picha 780.

Makosa hutoka wapi?

Chanzo cha kwanza cha makosa ni kimo. Kipokezi cha kawaida cha setelaiti kilichomo ndani ya droni huweza kukosea kimo kwa mita kadhaa. Tena hupima kimo kutoka umbo la kihesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari, na katika pwani ya Tanzania tofauti ya vipimo hivyo viwili huzidi mita 20. Kwa sababu hiyo wapimaji huweka alama ardhini, ambazo mahali na kimo chake vimepimwa kwa uangalifu, na kuzitumia kurekebisha ramani nzima.

Chanzo cha pili ni mimea. Kamera huona vilele vya mikandaa na michu. Haioni tope lililo chini yake. Mchoraji akisahau jambo hili, msitu wenye kimo cha mita kumi huonekana kama kilima ambacho maji hayawezi kukifikia.

Chanzo cha tatu ni wakati. Picha iliyopigwa maji yakiwa yamekupwa siku za bamvua huonyesha nchi kavu mahali ambapo saa sita baadaye mashua hupita. Basi picha ya delta isiyoandikwa siku na saa haiwezi kutegemewa.

Makosa haya huonekana madogo, lakini katika nchi tambarare athari zake ni kubwa. Ichukuliwe sehemu ambayo ardhi huinuka mita 1 tu kwa kila kilomita 1. Kosa la nusu mita katika kimo litausogeza mpaka wa mafuriko kwa mita 500. Ndani ya mita hizo 500 huenda mna shule, zahanati, au mashamba ya mpunga ya kijiji kizima.

Jambo hili si nadharia tupu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 wakazi wengi wa uwanda wa Rufiji walihamishiwa sehemu za juu, na hivyo wakawa mbali na mashamba yaliyorutubishwa na maji ya mto. Tena katika miezi ya kwanza ya mwaka 2024 mvua kubwa zilinyesha, na maji ya ziada yakafunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mwezi Aprili nyumba na mashamba vilifunikwa na maji katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mstari wa ramani unaweza kumhamisha mtu bila sababu, au kumwacha katika hatari.

Nani anayewajibika?

Data ya droni hupita katika mikono minne: mrushaji, mchambuzi, mwenye data na mtumiaji. Kila mmoja ana wajibu wake.

Mrushaji anabanwa na kanuni za usafiri wa anga, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Hawezi kurusha droni apendavyo. Mwenye data anabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu akiwa uani kwake si picha ya mikoko tu. Ni taarifa inayomhusu yeye.

Wajibu wa mchambuzi ni mgumu zaidi kuueleza, kwa maana yeye hutoa maelezo, wala hamgusi mtu kwa mkono. Katika kesi ya Hedley Byrne ya mwaka 1963, Baraza la Malordi la Uingereza lilieleza kwamba mtu anayetoa maelezo kwa kutumia ujuzi wake, akijua kwamba mwingine atayategemea, anaweza kudaiwa fidia endapo aliyatoa kwa uzembe. Hata hivyo benki iliyoshtakiwa haikulipa, kwa sababu ilikuwa imetanguliza tamko kwamba haichukui dhamana. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, lakini hukumu za namna hiyo huweza kutajwa kama mwongozo.

Hapo ndipo penye swali zito. Tamko dogo pembeni mwa ramani huenda likamwokoa mchoraji mahakamani, lakini halimwokoi mkulima aliyejenga kwa kuitegemea ramani hiyo. Kwa hiyo uaminifu wa kisayansi hudai zaidi ya tamko: ukubwa wa kosa uandikwe kwa tarakimu, na mpaka wa mafuriko uchorwe kama ukanda wenye upana wa kosa hilo, si kama mstari mwembamba. Aidha, ramani ipelekwe kijijini kabla ya kutumiwa. Wazee wanaokumbuka maji yalifika kwenye mwembe gani ni mashahidi ambao droni haiwezi kuchukua nafasi yao.

Kazi ya maktaba

Wajibu hauwezi kufuatiliwa iwapo data imepotea. Picha 780 zilizobaki katika kompyuta ya mtafiti mmoja hufa pamoja na kompyuta hiyo. Maktaba imezoea kukipa kila kitabu kadi inayotaja mwandishi, mwaka na mahali kilipochapishwa. Data nayo huhitaji kadi yake: nani alirusha, siku na saa gani, hali ya maji, kimo, alama za ardhini, na kosa lililopimwa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, maktaba za vyuo vikuu na hata maktaba ya shule zinaweza kuwa mahali pa kutunza nakala za ramani, ili mwanakijiji wa Kibiti aweze kuisoma ramani iliyochorwa juu ya kijiji chake na kuipinga ikiwa haisemi kweli.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Kwa kutumia kamera ya mfano uliotolewa, tafuta eneo la pikseli moja droni ikiruka kwa kimo cha mita 60. Je, idadi ya picha kwa kilomita ya mraba itaongezeka mara ngapi?

2. Ardhi ikiinuka mita 2 kwa kila kilomita 1, kosa la sentimita 30 litausogeza mpaka wa mafuriko kwa mita ngapi?

3. Mrushaji alifanya kazi yake sawasawa, lakini mchambuzi hakutumia alama za ardhini, na ofisi iliyopewa ramani haikuuliza. Mkulima amepoteza nyumba. Gawanya wajibu kati ya watu hao, na ueleze sababu zako.