Maswali ya Wanaoanza Kusoma Kiyunani cha Agano Jipya



Kila aanzaye kujifunza Kiyunani, lugha iliyotumiwa kuliandika Agano Jipya, hukutana na maswali yale yale. Mengine ni ya sarufi, mengine ni ya moyo. Mwezi huu twataka kujibu matano. Twayaandika kwa ajili ya waalimu na wazee waanzao kazi hii, na kwa ajili yao pia wamsikiao mhubiri akisema, "Katika Kiyunani neno hili lina maana nyingine," wakarudi nyumbani na mashaka.

Swali la kwanza: Ni Kiyunani gani hicho?

Si kile cha washairi wa kale. Baada ya vita vya Iskanda Mkuu, katika karne ya nne kabla ya Kristo, Kiyunani kilienea toka Misri hata Shamu na mbali zaidi, kikawa lugha ya soko, ya bandari na ya askari. Kwa hiyo kiliitwa Koine, yaani lugha ya watu wote. Katika mchanga wa Misri zimeonekana karatasi nyingi za mafunjo: barua za mtu na mzazi wake, hati za deni, mikataba ya mashamba. Tangu mwaka 1895 mtaalamu Mjerumani Adolf Deissmann alionyesha kwamba maneno mengi yaliyodhaniwa kuwa ya dini tu yalikuwa maneno ya kila siku. Sisi tunaokijua Kiswahili, ambacho nacho kilisafiri pamoja na biashara toka pwani hata bara, hatuoni ajabu. Mungu alichagua lugha iliyofahamiwa na wengi.

Swali la pili: Je, sarufi yake si ngumu mno kwetu?

Herufi ni 24 tu. Tena katika kitenzi twaona jambo tulilolizoea. Myunani husema lego, "nasema", legei, "asema", legomen, "twasema". Neno moja hutosha, kama kwetu. Tofauti ni kwamba sisi humtaja mtendaji mwanzoni mwa neno, naye humtaja mwishoni. Kadhalika neno gegraptai, lionekanalo mara nyingi katika Agano Jipya, ni "imeandikwa". Tusemapo, "Mlango umefungwa," twajua kwamba ulifungwa, na hata sasa ungali umefungwa. Ndivyo ilivyo kwa gegraptai: Andiko liliandikwa zamani, na nguvu yake ingalipo. Hivyo -me- yetu yalichukua neno hili vizuri.

Ugumu uko penginepo. Kwa Kiyunani hata majina hubadilika miisho. Petros ndiye atendaye, Petron ndiye atendewaye, Petrou ni "wa Petro". Mwanafunzi afuataye mpango wa maneno tu aweza kumfanya apigaye kuwa ndiye apigwaye. Na atazame mwisho wa neno kwanza, ndipo afasiri.

Swali la tatu: Je, kila neno la Kiyunani lina neno lake moja la Kiswahili?

Hasha. Katika Yohana 3:3 Bwana alimwambia Nikodemo habari ya kuzaliwa anothen. Neno hili laweza kuwa "mara ya pili", tena laweza kuwa "toka juu". Nikodemo alishika maana ya kwanza, akauliza juu ya kurudi tumboni mwa mama. Lakini katika 3:31 neno lilo hilo ni "toka juu" bila shaka. Mfasiri hana budi kuchagua moja ili aliandike, na lile aliloliacha halipotei: ni kazi ya mwalimu kulieleza.

Swali la nne: Je, maneno mawili ya Kiyunani yakifasiriwa kwa neno moja, tumenyimwa kitu?

Katika Yohana 21:15-17 Bwana amwuliza Petro mara tatu kama ampenda. Mara mbili atumia kitenzi agapao, mara ya tatu phileo; Petro ajibu kwa phileo mara zote. Wengi wamejenga mahubiri marefu hapo, wakisema ya kwanza ni pendo la Mungu, na ya pili ni pendo dogo la kibinadamu. Lakini Yohana yuyo huyo asema kwamba Baba ampenda Mwana kwa agapao katika 3:35, na kwa phileo katika 5:20. Je, tutasema Baba alipunguza pendo lake? Basi tuwe na kiasi. Kabla ya kufundisha juu ya neno moja, tutafute mwandishi mwenyewe alitumiaje mahali pengine.

Swali la tano, nalo ndilo zito: Je, mkristo asiyejua Kiyunani ana Neno la Mungu pungufu?

Twajibu: La. Mitume wenyewe walipotaja Agano la Kale, mara nyingi walitumia tafsiri ya Kiyunani iitwayo ya Sabini, iliyoanzwa Misri katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Tena Bwana wetu aliwafundisha watu wake kwa Kiaramu. Marko ametuhifadhia machache, kama Talitha kumi katika 5:41, na papo hapo ameyafasiri. Basi anayeidharau tafsiri na awaangalie mitume kwanza.

Na pengine lugha yetu yaonyesha yaliyofichika katika nyingine. Katika Luka 22:31-32 Bwana asema kwamba Shetani amewataka ninyi nyote, bali amemwombea wewe, Simoni. Kiingereza cha leo chatumia neno moja kwa wote wawili. Kiyunani na Kiswahili hutenganisha.

Kwa nini basi tujifunze? Kwa sababu tafsiri hukaguliwa kwenye chemchemi. Erasmo alitoa Agano Jipya la Kiyunani lililopigwa chapa mwaka 1516. Martin Luther alilitumia, na Septemba 1522 watu wake wakapata Agano Jipya kwa Kijerumani. Hakujifunza Kiyunani ili awatishe wasiokijua. Alikijifunza ili mwenye kusoma Kijerumani asikose kitu. Mwalimu akishuka mimbarani, na wasikilizaji wakakiamini kidogo zaidi kitabu kilicho mikononi mwao, elimu yake imewadhuru. Wakikifungua tena kwa furaha, ametumika vema.

Maswali ya kuzungumza usharikani:
1. Katika Yohana 3:1-12, ni maneno gani yanayoeleza maana ya anothen?
2. Someni Luka 22:31-34. Kwa nini Bwana amwombea mmoja, na hatari ni ya wote?

Neema na iwe pamoja nanyi.