Ubongo, Akili na Mizani

Watu wengi huuliza: Je, akili ni kitu gani, nayo yakaa wapi ndani ya mwili wa mwanadamu? Mzazi wa Tseikuru aliyemwuguza mtoto mwenye malaria kali amekwisha kuona sehemu ya jibu kwa macho yake. Malaria ikiupata ubongo, mtoto huweweseka, hamtambui mama yake, na pengine hushikwa na degedege. Akitibiwa mapema na homa ikamtoka, fahamu humrudia. Basi ni dhahiri ya kuwa akili yautegemea ubongo.

Lakini wako wataalamu walioutumia ukweli huo vibaya. Walidhani ya kuwa mwenye ubongo mzito ndiye mwenye akili nyingi. Mwaka 1934, Daktari F. W. Vint wa Nairobi alichapisha habari za bongo za marehemu Waafrika wa Kenya, akasema zina uzito mdogo kuliko bongo za Wazungu. Wakatokea watu walioyashika maneno hayo ili kutilia shaka faida ya kumsomesha Mwafrika.

Hoja hiyo haina nguvu. Uzito wa ubongo hufuata pia ukubwa wa mwili, umri, maradhi, na chakula alichokula mtu utotoni. Tena, Albert Einstein, bingwa wa elimu ya fizikia, alipofariki mwaka 1955, ubongo wake ulipimwa ukaonekana una gramu 1,230 hivi, yaani chini ya wastani wa wanaume wa Ulaya. Nani atasema alipungukiwa na akili?

Mfuga nyuki hajui utamu wa asali kwa kuupima mzinga kwa mizani. Kadhalika ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo hupelekeana habari kwa njia nyingi mno. Kila mtu ajifunzapo, njia hizo hubadilika na kuimarika. Kazi hiyo haionekani katika mizani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiulize ubongo wa mtoto wako una uzito gani. Uliza hivi: Je, amekula chakula cha kutosha? Amelala ndani ya chandarua? Leo amekwenda shule? Hayo ndiyo yaujengayo ubongo, na akili hukua pamoja nao.