Neno la Kuandika Mlangoni

Shikamoo shangazi,

Nina saiba ndogo sokoni hapa Mwala, Machakos. Wateja wangu ni wazazi wanaoombewa vyeti kwenye eCitizen, vijana wa kuandikiwa barua za kazi, na wanafunzi wa kuchapisha kazi za shule. Juzi nilimwita fundi wa rangi aniandikie juu ya mlango HUDUMA ZA KOMPYUTA. Binti yangu wa gredi ya nane akasema mbele ya wateja kwamba hicho si Kiswahili, ni Kiingereza kilichovaa kanzu, na kwamba neno sahihi ni tarakilishi. Nilimjibu kwa hasira kuwa tarakilishi hailipi karo. Tangu siku hiyo haji tena kunisaidia Jumamosi, na mama yake ananiambia nilimvunja moyo. Shemeji yangu aliyeishi Arusha anasema huko kila mtu husema kompyuta. Mama mzazi naye anauliza kwa nini tusiandike Kikamba. Niandike nini?

Mwenye Saiba, Mwala

Marahaba, ndugu yangu. Andika KOMPYUTA, na usisahau ile Y. Nimetanguliza jibu la bango kwa sababu ndilo jepesi. La binti yako ni zito zaidi, nami ningependa ulisome mpaka mwisho.

Bango ni la mpita njia. Mama aliyeshuka matatu kutoka Kibauni au Mbiuni, kitambulisho mkononi, anatafuta mahali pa kusaidiwa kabla gari la kurudi halijajaa. Neno kompyuta amelisikia hata kama hakukanyaga shule. Tarakilishi huenda akalipita kama jina la duka la mtu. Wala hutakuwa umekosea Kiswahili. Shemeji yako amesema kweli: kamusi zilizotungwa Dar es Salaam zina kompyuta, na neno lenyewe limekwisha kutii sarufi yetu. Tunasema kompyuta hii, kompyuta zangu zimekwama, kikompyuta kidogo. Neno likianza kupokea viambishi vyetu bila kuleta ubishi, limekuwa la nyumbani.

Sasa hoja ya binti yako kwamba neno likitoka nje si letu. Mwulize, kwa upole, tarakilishi limeundwa na nini. Atakwambia: tarakimu na akili. Yote mawili yalitufikia kutoka Kiarabu. Simu unayotumia kumpigia mama yake ni neno la Kiajemi, lenye maana ya waya, na Waswahili walilitumia kwa telegrafu, ile iliyofika Zanzibar mwaka 1879 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden. Baadaye wazee wakatofautisha simu ya maandishi na simu ya mdomo. Leo waya wenyewe haupo mfukoni mwako, na neno bado linafanya kazi. Pesa nayo ni neno la Bara Hindi. Sultani Barghash alitengeneza sarafu za shaba za jina hilo mwaka 1882, na mwaka 2007 Safaricom ilipoanzisha M-Pesa haikuhitaji kumfafanulia mtu yeyote nusu ya pili ya jina. Tukifukuza maneno ya kuja, hutabaki na la kumwambia mteja bei.

Hapo hapo ndipo jibu la mama yako lilipo. Kikamba kimekwisha kuyapokea haya kwa njia yake: pesa ni mbesa, na mtu hukuna simu, yaani huipiga, kama Waswahili wanavyopiga. Mwambie akisoma kompyuta mlangoni kwako atakuwa amesoma lugha yake pia. Nadhani ataridhika.

Lakini usije ukarudi nyumbani na hoja hizi kama fimbo. Tarakilishi si neno la mzaha, na mimi nalipenda. Aliyelibuni alijiuliza chombo hiki kinafanya nini, akaona ni tarakimu zinazoendeshwa kwa akili. Waaisilandi walifikiri vivyo hivyo katika miaka ya 1960: wakachukua neno lao la nambari, wakalifunga na neno la kale la mwanamke mtabiri, wakapata tölva. Huko mtoto na bibi yake wote husema tölva. Wafaransa nao, mwaka 1955, kampuni ya IBM ilipotaka jina la mashine yake, ilimwendea mtaalamu wa Kilatini, Jacques Perret, naye akawapa ordinateur. Mashine zikauzwa kwa jina hilo, na mpaka leo ndilo linalotumika madukani Ufaransa.

Angalia tofauti iko wapi. Ordinateur lilitoka na mashine yenyewe mkononi mwa muuzaji. Tarakilishi letu limeishi zaidi katika vitabu vya shule za Kenya, huku mashine zikiingia madukani na maofisini kwa jina la kompyuta. Mwanafunzi hujifunza neno asubuhi, akitoka langoni hakuna wa kumjibu kwa neno hilo. Binti yako alilileta dukani kwako. Huenda ndiyo mara ya kwanza kulisema mbele ya watu wasio walimu, akakutana na hasira ya babake. Mtoto wa umri huo akiaibishwa kwa kuonyesha alichojifunza, mara nyingine atakaa nacho kimya. Hilo ndilo la kukutia wasiwasi, ndugu yangu, si rangi ya mlangoni. Naye alikosea kukusahihisha mbele ya wateja. Jambo hilo mwambie, lakini baada ya kumwomba radhi kwa neno la karo.

Usimwambie mwalimu wake amekosea. Katika insha na mitihani aandike kama kitabu cha darasani kinavyoandika, na ajue kwamba akivuka mpaka wa Namanga kuingia Tanzania atasikia jingine bila yeyote kuwa mjinga. Ajue pia kwamba kompyuta, kabla halijawa jina la mashine, kwa Waingereza lilikuwa jina la mtu aliyeajiriwa kupiga hesabu. Maneno ya kazi huhama, hata kwa wenyewe.

Jumamosi mwite. Orodha ya bei ya ndani, ile ya fotokopi, kuskani na kupiga chapa, mwachie aiandike kwa mkono wake. Akiandika tarakilishi, iache ukutani. Na mteja akiuliza ndiyo nini hiyo, usijibu wewe, mwelekeze kwake.