Pesa ya Shaba Iliyotoka Udongoni

Mkulima wa skimu za pwani, jembe lako likigonga pesa ya shaba iliyovaa kutu ya rangi ya majani, usikimbilie majivu wala ukwaju. Najua sufuria ya shaba hung'arishwa hivyo, lakini pesa si sufuria. Ukali wa ukwaju hula kutu pamoja na maandishi, na mara nyingi maandishi yamebaki katika hiyo kutu tu.

Kwanza itazame. Ikiwa ni senti ya tundu ya Afrika Mashariki, zile za shaba za tangu 1921 hadi 1964, waweza kuisafisha mwenyewe. Iloweke katika maji safi ya mvua, ndani ya bakuli la kioo, si la bati. Badili maji kila siku kwa juma moja au zaidi. Udongo ukilainika, uondoe kwa kijiti au brashi laini. Palipo pagumu, irudishe majini, usilazimishe. Kisha ikaushe kabisa. Ukiona baadaye unga hafifu wa kijani unatoka, hiyo ni chumvi inayokula shaba. Itenge na nyingine, ikae pakavu.

Lakini pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, yenye mizani, usiioshe kabisa. Kwa sheria ya mwaka 2006, kitu kilichofanywa kabla ya 1895 ni cha kale. Tia alama mahali ulipoiokota, uifunge na udongo wake, upeleke habari Makumbusho ya Taifa katika siku saba. Na kutafuta vitu vya kale kwa mashine kunataka leseni.