Haki ya Mgonjwa na Haki ya Mjane

Mume akiugua maradhi yasiyo na tamaa ya kupona, mambo mawili humkabili mkewe: uchungu wa kumtazama akiteseka, na maneno ya watu juu ya maisha yake baadaye. Na tuyapime kwa mfano wa Meru na Embu, bara, waliko ndugu zetu wa dini.

Zamani huko, mgonjwa aliyekaribia kufa alitolewa nyumbani akalazwa kichakani, kwani maiti ndani ya nyumba ilihesabiwa najisi. Mila hiyo imekwisha. Lakini limezuka jingine: Uholanzi, kwa sheria ya mwaka 2002, humruhusu tabibu kumwua mgonjwa kwa ombi lake, na watu huliita huruma. Sisi twasema: roho ni amana ya Mwenyezi Mungu, mwenyewe hana ruhusa ya kuitoa, seuze mkewe au tabibu. Kutuliza maumivu ni wema. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii kujitibu ni sunna, basi kuacha dawa isiyofaa kitu si kuua. Kuua ni kuyakusudia mauti. Na mwenye kuua hamrithi aliyemwua, ajapodai huruma.

Mume akifa kwa ajali yake, mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10. Mwenye mimba, hata ajifungue. Eda ikisha, nafsi yake i mikononi mwake. Mila ya bara ya shemeji kumrithi mjane haina nafasi, kwani Qurani imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Fungu lake, robo ikiwa mume hakuacha mtoto, thumuni akiwa ameacha, ni milki yake hata akiolewa. Sheria ya mirathi ya Kenya, isiyotuhusu Waislamu, ilimwondolea mjane aliyeolewa tena haki ya kuitumia mali ya marehemu. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Meru ikaamua kuwa huo ni ubaguzi, kwani mgane haondolewi.

Basi tusiwacheke watu wa bara. Mijini mwetu, mjane akiolewa baada ya eda husengenywa kana kwamba alimwombea mumewe kufa. Mgane akioa mwezi ule ule hupongezwa. Je, tumemsahau Asmaa binti Umays? Mumewe Jaafar aliuawa Muta, akaolewa na Abubakar. Naye alipofariki, akaolewa na Ali. Na heshima yake haikupungua.

Mke aliyemwuguza mumewe hata pumzi ya mwisho ametimiza ahadi yake. Tusimwekee eda ya pili ambayo Mungu hakuiweka.