Marudio ya Kidato cha Nne: Kampuni za Mashine za Kamari na Michezo ya Video

Maswali haya nimewaandalia watahiniwa wa Biashara wa Kitale na Bungoma. Mmoja aulize, mwenzake ajibu bila kufungua daftari.

1. Taja kampuni tatu zilizojulikana kwa michezo ya video lakini zikawa na uhusiano na kamari. (alama 3)

Nintendo, Sega na Konami. Nintendo ilianzishwa na Fusajiro Yamauchi mjini Kyoto, Japani, mwaka 1889, ikitengeneza karata za hanafuda, ambazo wacheza kamari walizitumia sana. Konami ilianza Osaka mwaka 1969 kwa kukodisha na kukarabati jukiboksi. Ninyi mnaijua kwa kandanda ya PES, lakini kampuni hiyohiyo huuza mashine za kamari kwa makasino ya Marekani.

2. Eleza chimbuko la Sega. (alama 5)

Wamarekani watatu walifungua kampuni ya mashine za sarafu Honolulu mwaka 1940, wateja wao wakuu wakiwa wanajeshi walioko kambini. Mwanajeshi ana mshahara, yuko mbali na kwao na jioni hana la kufanya. Mwenye mashine hatafuti mteja mwingine. Baada ya vita kampuni ikaitwa Service Games, na Sega ni ufupisho wa jina hilo. Sheria ya Marekani ya 1951 ilipobana mashine za kamari, waliipeleka biashara Japani, ambako kambi za Wamarekani zilikuwa nyingi. Mwaka 1965 biashara hiyo iliungana na ya David Rosen, aliyekuwa akileta mashine za burudani, ikawa Sega Enterprises. Mchezo wake wa video wa Sonic ulitoka 1991. Mwaka 2004 Sega iliungana na Sammy, mtengenezaji wa mashine za kamari za Kijapani.

3. Tofautisha kibanda cha PS (PlayStation) mjini na kisanduku cha kamari cha sarafu. (alama 4)

Kwenye PS unalipia mechi, na anayefanya mazoezi hushinda zaidi. Kwenye kisanduku unatia sarafu ya shilingi 20, nayo programu iliyomo ndani huamua matokeo kwa nambari za kubahatisha. Kubonyeza haraka, kubadilisha kidole au kungoja mashine "ishibe" hakubadilishi lolote. Wengi hupoteza alama hapa kwa kuandika kwamba mashine iliyokula sana iko karibu kulipa. Hapana. Kila mzunguko hujitegemea.

4. Chukulia mashine imepangwa kurudisha asilimia 80 ya dau. Mchezaji ana sarafu 100 za shilingi 20, na kila anachorudishiwa anakicheza tena. Baada ya mizunguko minne ya namna hiyo atabaki na kiasi gani kwa wastani? (alama 4)

Shilingi 2,000 huwa 1,600, kisha 1,280, kisha 1,024, mwisho takriban 819. Onyesha hatua zote. Angalia pia kwamba mashine haikuiba wala haikuharibika: zaidi ya nusu ya pesa zake zimekwenda huku mchezaji akikumbuka sauti ya sarafu zilizodondoka.

5. Kwa nini mchezo wa kamari wa Aviator huchanganya watu? (alama 3)

Kampuni ya Spribe ya Georgia iliitoa mwaka 2019. Ndege ndogo inapaa, dau linazidishwa, na unatakiwa kutoa pesa kabla haijatoweka. Inafanana na mchezo wa video, na kidole chako ndicho kinachobofya, kwa hiyo unadhani ni ustadi. Lakini mahali ndege itakapotowekea hupangwa na programu. Isitoshe, huhitaji kwenda dukani. Pesa hutoka M-Pesa ukiwa kitandani.

6. Nani husimamia kamari Kenya? (alama 4)

Kwa miaka mingi ilikuwa Bodi ya kudhibiti na kutoa leseni za kamari, chini ya sheria ya 1966. Mwezi Aprili 2025 bodi hiyo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mwaka huohuo Sheria ya Kudhibiti Kamari ilipitishwa, ikaunda mamlaka mpya. Usisahau kaunti: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja kamari na makasino kwenye majukumu ya kaunti pia, kwa hiyo Trans Nzoia na Bungoma zina wajibu wao.

7. Umri halali ni upi? (alama 2)

Kenya ni miaka 18. Ukivuka Suam au Lwakhakha kuingia Uganda, ni 25.

8. Serikali ilichukua hatua gani dhidi ya visanduku visivyo na leseni? Jamii ifanye nini? (alama 5)

Mwaka 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani, vilikamatwa katika kaunti mbalimbali na vingine vikateketezwa hadharani. Jibu la sehemu ya pili litokane na mtaa wako. Ukiona kisanduku kwenye kioski ambako watoto hutumwa sukari, mwambie mzazi, naye aende kwa chifu wiki hiyohiyo. Nawe uliyezoea kukitembelea ukitoka shule, mwambie mwalimu unayemwamini kabla karo haijaguswa.